Kwa Nini Dari ya Mawe Haianguki: Kuyasoma Makanisa ya Kale ya Ulaya Kuanzia Juu

Jioni ya tarehe 15 Aprili 2019, watu wa mataifa yote walikaa mbele ya televisheni wakitazama paa la kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris likiteketea. Mnara mwembamba wa katikati ulikatika na kuanguka kamera zikiwa zinaurekodi, na wengi waliamini kwamba kufikia asubuhi zingebaki kuta tupu. Kulipokucha, picha za ndani zilionyesha jambo lingine. Viti vilikuwa bado vimepangwa safu kwa safu, msalaba wa dhahabu uling'aa nyuma ya madhabahu, na juu yake dari ya mawe ilikuwa imetobolewa mahali pachache tu. Kilichoungua kilikuwa paa la nje, yaani kenchi za mwaloni za zama za kati zilizoezekwa kwa mabati ya risasi. Chini ya paa hilo kulikuwa na dari ya pili, ya mawe, na ndiyo iliyouzuia moto usishuke.

Kumbe kanisa lina mapaa mawili. Basi kwa nini mtu wa karne ya 12, asiye na nondo wala saruji wala winchi ya injini, aamue kuning'iniza mawe mita 33 juu ya vichwa vya watu, halafu aweke paa jingine juu ya mawe hayo?

Vitabu vya watalii huyapanga makanisa ya Ulaya kwa majina ya mitindo: Bizanti, Romaneski, Gothiki, Renesansi, Baroki. Msomaji huyakariri, akifika mlangoni mwa kanisa lenyewe akaona vipande vya mitindo minne katika jengo moja, majina yote yanamchanganyikia. Naona ni rahisi zaidi kuliuliza kila jengo swali moja: juu kuna nini, na nani anakizuia? Mitindo karibu yote, walau hadi karne ya 18, ni majibu tofauti ya swali hilo.

Ukumbi wa mahakama wageuka kanisa

Wakristo wa mwanzo walisali zaidi majumbani mwa watu. Mwaka 313 Kaisari Konstantino na mwenzake Licinius walipokubaliana kuipa dini hiyo uhuru, ghafla zikahitajika nyumba kubwa za ibada. Mahekalu ya miungu ya Kirumi hayakufaa, maana hekalu lilikuwa makao ya sanamu, na watu walitoa sadaka nje, uani. Wakristo walihitaji mahali pa kuingia wote pamoja. Wakachukua ramani ya jengo ambalo kila mji wa Kirumi ulikuwa nalo: basilika, ukumbi mrefu wa kusikilizia kesi na kufanyia biashara. Palikuwa na safu mbili za nguzo, sehemu ya katikati iliyoinuliwa ili madirisha ya juu yaingize mwanga, na mwishoni nusu duara alipokaa hakimu. Kiti cha hakimu kikawa cha askofu, na mbele yake ikawekwa madhabahu.

Kanisa la Santa Sabina mjini Roma, lililojengwa kati ya 422 na 432, bado linaonyesha hali hiyo vizuri kuliko karibu lolote jingine. Mjini Trier, Ujerumani, ukumbi wa Konstantino mwenyewe bado umesimama na unatumiwa na waumini wa Kiprotestanti.

Juu ya majengo haya kulikuwa na kenchi za mbao. Kenchi ina adabu: uzito wake unashuka wima ukutani, kwa hiyo ukuta hauna haja ya kuwa mnene. Ila ina kasoro mbili. Kwanza, upana wa jengo unaamuliwa na urefu wa mti. Aliyelala katika nyumba ya mawe ya Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar analijua hili hata kama hajawahi kulifikiria, kwani vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Ulaya walikuwa na misonobari na mialoni mirefu zaidi, lakini hata hiyo ina kikomo. Kasoro ya pili ni moto. Radi moja au mshumaa mmoja ulitosha kumaliza kazi ya vizazi viwili.

Mawe yanasukuma

Jibu la moto ni kuezeka kwa mawe, na hapo ndipo matatizo yalipoanza. Jiwe hustahimili sana kubanwa, lakini ukilivuta au kulikunja linakatika. Huwezi kulilaza jiwe refu kama boriti juu ya ukumbi wa mita kumi. Unachoweza ni kupanga mawe madogo katika tao, kila moja likibanwa na jirani zake lisipate pa kuangukia. Lakini tao halitulii. Waweke watu wawili wasimame wakiegemeana viganja kwa viganja, kisha wasogeze miguu nyuma: hawaanguki, ila miguu yao inataka kuteleza kwenda nje. Miguu ya tao nayo ni hivyohivyo. Nguvu hiyo inayokwenda pembeni tuiite msukumo. Haichoki, haipungui jengo linapozeeka, na ukuta usioweza kuizuia utainama nje taratibu hadi tao lifunguke na dari ishuke.

Waashi wa karne ya 11 na ya 12, katika mtindo tunaouita Romaneski, waliuzuia msukumo kwa njia iliyo dhahiri zaidi: unene. Walijenga tao moja lililorefushwa kuanzia mlangoni hadi karibu na madhabahu, wakaliweka juu ya kuta nene mno. Kwa kuwa tao refu la namna hiyo linasukuma kila mahali kwa urefu wake wote, kutoboa dirisha kubwa kulikuwa kujitafutia balaa. Ndiyo maana ukiingia Sainte-Foy ya Conques, kusini mwa Ufaransa, macho yanahitaji muda kuzoea. Kanisa hilo lilijengwa kwa ajili ya mahujaji waliokuwa wakielekea Santiago de Compostela, Hispania, na njia inayozunguka nyuma ya madhabahu iliwekwa ili umati upite kwenye masalia ya watakatifu bila kuvuruga ibada. Giza lake lina uzuri wake, lakini sidhani kama mwashi alilichagua kwa hiari kamili.

Speyer, kando ya mto Rhine, walikata shauri lingine. Kanisa kuu lililoanzishwa yapata mwaka 1030 lilikuwa na dari ya mbao. Mwishoni mwa karne hiyohiyo, chini ya Kaisari Heinrich IV, ukumbi wa katikati uliezekwa kwa matao ya mawe yanayokatana msalaba. Faida ya kuyakutanisha matao hivyo ni kwamba uzito na msukumo hukusanyika kwenye pembe nne badala ya kutawanyika ukutani kote. Kuanzia hapo mwashi alijua nguvu inashukia wapi, na akijua hilo anajua pia ni wapi ukuta hauna kazi.

Ukuta unaondolewa

Hatua iliyofuata ilionekana mapema kwenye kanisa kuu la Durham, kaskazini mwa Uingereza, lililoanzishwa 1093. Dari yake ina mbavu: matao membamba ya mawe yanayopita kwenye mikunjo ya dari, yakibeba na kuongoza ujenzi wa sehemu zilizo kati yake. Katika ukumbi mkuu, uliomalizika 1133, baadhi ya matao hayakuwa tena ya nusu duara. Yalikuwa na ncha.

Tao la ncha halikuzaliwa Ulaya. Msikiti wa Ibn Tulun mjini Cairo uliyatumia karne ya 9, na mtu wa pwani yetu ameyaona Gede bila kwenda mbali. Kwa fundi, ubora wake ni wa aina mbili. Linasukuma pembeni kwa nguvu ndogo kuliko la nusu duara lenye upana uleule, kwa sababu linaelekeza uzito chini zaidi. Tena, tao la nusu duara likiwa na upana mita nane, kimo chake ni mita nne, huna ujanja. Tao la ncha unaweza kuliinua au kulishusha utakavyo, hivyo matao ya upana tofauti yanaweza kufikia kimo kimoja.

Mtu aliyeviunganisha vitu hivi kwa nia ya wazi alikuwa Suger, abate, yaani mkuu wa watawa, wa Saint-Denis, nje kidogo ya Paris, ambako wafalme wa Ufaransa walizikwa. Sehemu ya madhabahu aliyoijenga upya iliwekwa wakfu tarehe 11 Juni 1144. Suger alipenda mwanga kwa sababu za kiroho, akiamini kwamba vitu ving'aavyo huiinua akili kuelekea nuru ya Mungu, na tena alipenda kuandika habari zake mwenyewe. Anasimulia dhoruba iliyopiga wakati mbavu za dari zilikuwa zimeshasimama lakini bado hazijajazwa mawe katikati. Zilitikisika hewani huku askofu mgeni akiendelea kusali na kuunyooshea mkono wa baraka upande ule, na hazikuanguka, ingawa dhoruba hiyohiyo iliangusha majengo imara mahali pengine. Yeye aliuona muujiza. Mhandisi angesema umbo la mbavu lilikuwa sahihi, na labda wote wawili wangekubaliana kwamba waashi walistahili kulipwa vizuri.

Kilichobaki kilikuwa kuutoa msukumo nje kabisa ya jengo. Hapo ndipo yalipokuja matao ya egemeo, yale "mikono" ya mawe unayoyaona yameruka hewani kutoka kwenye nguzo nzito za nje hadi ubavuni mwa kanisa. Yanaupokea msukumo wa dari juu, yanauvusha paa la pembeni, yanaushusha ardhini. Sasa ukuta hauzuii kitu tena. Unaweza kuuondoa na kujaza vioo.

Chartres, mji wa Ufaransa, walifanya hivyo. Kanisa lao liliungua 1194, na watu wakalia kwamba vazi la Bikira Maria lililohifadhiwa humo limeteketea, hadi siku chache baadaye lilipopatikana salama kwenye chumba cha chini ya kanisa. Furaha hiyo ilileta fedha, na sehemu kubwa ya jengo jipya ilikuwa imesimama kufikia miaka ya 1220. Vioo vyake vingi ni vya wakati huohuo, na buluu yake inasifiwa hadi leo.

Sasa yale mapaa mawili yanaeleweka. Dari ya mawe inakinga watu na moto, lakini ni nyembamba, imeshikwa kwa chokaa, na mvua ingeipenya na kuilainisha. Paa la mbao na risasi linaikinga dari na mvua. Kila moja linalinda dhidi ya adui wa mwenzake. Na baada ya moto wa 2019, moja ya kazi za kwanza za mafundi wa Notre-Dame ilikuwa kuweka viunzi vya mbao chini ya matao yote 28 makubwa ya egemeo. Jengo hilo ni mashindano ya nguvu zinazosukumana. Ukiupunguza upande mmoja, yaani paa lililoungua na dari iliyotoboka, upande wa nje unaweza kuelemea ndani. Kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024, na kenchi mpya zilichongwa kwa mwaloni kama za kale.

Walipozidisha

Ushindani wa kimo ulikuwa mkali, na si wa kiroho tu. Kila mji na kila askofu alitaka kumpita jirani. Dari ya Notre-Dame ina mita 33, ya Amiens, iliyoanzishwa 1220, ina zaidi kidogo ya 42. Beauvais, mji mwingine wa Ufaransa, wakataka 48. Walimaliza sehemu ya madhabahu mwaka 1272, na mwaka 1284 sehemu ya dari ikaporomoka. Wataalamu wanabishana hadi leo kama ni upepo, msingi au matao ya egemeo yaliyokuwa membamba mno. Walijenga upya wakiongeza nguzo katikati ya zile za zamani. Halafu, badala ya kujenga ukumbi wa waumini, wakaweka mnara wa mita 153, uliokamilika 1569. Ulianguka 1573, Sikukuu ya Kupaa, waumini wakiwa wametoka tu kwenye maandamano. Ukumbi haukujengwa kamwe. Ukienda leo utakuta nusu kanisa lenye dari ya juu kuliko zote za Gothiki, likiwa limeshikiliwa ndani kwa viunzi vya mbao na chuma. Kwangu ndilo kanisa la kuvutia kuliko yote ya Ufaransa, maana linaonyesha mahali ujuzi ulipokoma.

Ni lazima kukumbuka kwamba watu hawa hawakuwa na hesabu za nguvu kama tunavyozijua. Walikuwa na kamba, bikari, uwiano wa jiometri waliorithishana na kumbukumbu ya yaliyoanguka. Mjini Milano, ambako ujenzi ulianza 1386, wenyeji na mafundi wa kigeni waligombana miaka mingi. Mwaka 1400 Mfaransa Jean Mignot aliwaambia viegemeo vyao ni dhaifu, na kwamba ufundi bila elimu si kitu. Wenyeji walijibu kwamba matao ya ncha hayasukumi kabisa. Kwa hoja walikosea. Kwa vitendo waliongeza vyuma vya kufungia matao, na kanisa lipo.

Makuba na minyororo

Mashariki walikuwa wamepita njia nyingine mapema zaidi. Hagia Sophia ya Konstantinopoli, iliyojengwa kwa miaka mitano tu, 532 hadi 537, kwa amri ya Kaisari Justiniano, iliweka kuba la mita zaidi ya 30 juu ya chumba cha mraba, kwa kutumia pembetatu za matofali zilizopinda kwenye pembe nne. Kuba ni tao lililozungushwa, kwa hiyo linasukuma pande zote kwa pamoja. La kwanza lilikuwa limebapa mno, likaporomoka 558 baada ya mitetemeko ya ardhi. La pili liliinuliwa mita sita hivi zaidi, msukumo wake ukapungua, na ndilo lililopo, pamoja na ukarabati kadhaa. Makanisa ya Kiorthodoksi ya Kyiv na baadaye ya Urusi yalirithi mapenzi hayo ya kuba.

Florence waliacha tundu la zaidi ya mita 40 juu ya kanisa lao kuu kwa miongo kadhaa bila mtu wa kuliziba. Hakukuwa na mbao za kutosha kutengeneza kiunzi cha kushikilia matofali yakikauka, na Waitalia hawakutaka matao ya egemeo. Filippo Brunelleschi, mfua dhahabu kwa mafunzo, alilijenga kuba hilo kati ya 1420 na 1436 bila kiunzi cha kutoka chini. Alilifanya maganda mawili, moja ndani ya jingine, akayapanga matofali kwa kupishanisha yaliyolala na yaliyosimama ili kila mzunguko ujishikilie wenyewe, na akazungushia ndani ya ukuta mikanda ya mawe yaliyounganishwa kwa chuma, na mmoja wa mbao. Fundi wa leo anayemwaga lenta juu ya kuta anafanya kitu kilekile: anafunga jengo lisipanuke.

Kuba la Mtakatifu Petro mjini Roma, la Michelangelo na kumaliziwa 1590, lilihitaji msaada baadaye. Nyufa zilizidi kiasi kwamba Papa Benedikto XIV aliita wanahisabati. Giovanni Poleni alining'iniza mnyororo wenye uzito uliogawanywa kama uzito wa kuba, akachora mkunjo wake, akaupindua juu chini: mkunjo ule ukaangukia ndani ya unene wa kuba, maana yake halikuwa hatarini kuanguka, ingawa alikubali lifungwe pete za chuma. Mwingereza Robert Hooke alikuwa ameigundua kanuni hiyo mapema, kwamba mnyororo unaoning'inia na tao linalosimama ni umbo moja lililopinduliwa. Rafiki yake Christopher Wren, akijenga upya kanisa kuu la St Paul's baada ya moto wa London wa 1666, aliweka kuba la ndani la kupendeza macho, kuba la nje la mbao na risasi la kuonekana mjini, na kati yake koni ya matofali isiyoonekana na mtu, ndiyo inayobeba mzigo wote wa juu.

Baada ya hapo suala la paa lilipungua uzito. Wabaroki waliweza kutengeneza mawingu na malaika kwa plasta juu ya mbao, na macho yasijue. Karne ya 19 ikarudi Gothiki kwa mapenzi ya zamani. Köln, Ujerumani, ambako kazi iliyoanza 1248 ilikuwa imesimama tangu karne ya 16 na kreni ya mbao ikiwa bado juu ya mnara usiokwisha, walianza tena 1842 na kumaliza 1880, safari hii wakitumia kenchi za chuma.

Miaka hiyohiyo mapenzi hayo yalivuka bahari. Kanisa la Mtakatifu Yosefu la Dar es Salaam, na matao yake ya ncha, ni mtoto wake. Ila Askofu Edward Steere, yule mwanazuoni wa Kiswahili, alipoanza 1873 kujenga kanisa la Kianglikana mahali palipokuwa soko la watumwa Zanzibar, kwenye paa hakufuata mtindo wa wakati wake. Alimwaga tao moja refu la zege la matumbawe na saruji, namna ya Waromaneski, huku kuta zikiwa na madirisha ya ncha. Wapo waliotabiri lingeanguka.

Barcelona, Antoni Gaudí aliyechukua kazi ya Sagrada Família mwaka 1883 hakuyapenda matao ya egemeo. Aliyaita magongo ya mlemavu. Kwa kanisa jingine alilokuwa akilibuni, alikaa miaka akining'iniza nyuzi zenye vifuko vya risasi darini, akizipiga picha na kuzigeuza juu chini, mbinu ileile ya Hooke na Poleni. Alichojifunza kilimpa nguzo za Sagrada Família zinazoinama na kutawanyika juu kama matawi, zikifuata njia halisi ya nguvu, hivyo nje hakuna kinachohitaji kuegemewa. Alikufa 1926 baada ya kugongwa na tramu. Oktoba 2025 mnara wa kati uliupita ule wa Ulm, Ujerumani, uliokuwa mrefu kuliko ya makanisa yote duniani tangu 1890. Upande wa mlango mkuu haujakamilika, na ngazi zake, zikijengwa kama ilivyopangwa, zitavuka barabara hadi kwenye maghorofa ya watu ng'ambo ya pili. Wakazi wa maghorofa hayo hawataki kuhama.